Pumzi ya Tatu Kiooni

Marehemu Eljas hakuwahi kuchelewa mahali popote maishani, na hakuna aliyetarajia aanze siku ya mazishi yake. Yeye alikwisha kuvushwa tangu Ijumaa, akawekwa kanisani bara ndani ya jeneza, kwa utulivu unaostahili. Waliokuwa hatarini kuchelewa ni wanawe wawili, Armas na dada yake Saimi. Saa tatu asubuhi walikuwa bado kisiwani, wakilitazama gari la mzee, ambalo kioo chake cha mbele kilikuwa kimefungwa na ukungu kama jicho lenye mtoto wa jicho.

Ibada ilikuwa saa sita. Kutoka kisiwani hadi bara ni kilomita tisa za bahari iliyoganda, na barabara ya barafu ingefungwa saa tano kamili, kwa kuwa Machi ilikuwa inakwisha na barafu imeanza kulainika. Feri nayo ilikuwa imelala hadi bahari ifunguke. Majirani wote walikwisha kutangulia. Lilibaki gari hilo la kijani la mwaka 1958, ambalo hita yake ilipuliza kioo kwa nguvu za bibi anayepoza uji.

"Hivi baba aliliendeshaje hili miaka yote?" Armas aliuliza. Alikuwa fundi wa mabasi mjini, mtu mzito, asiyeamini kitu asichoweza kukifungua kwa spana.

"Alikuwa akikwangua kioo kwa kadi ya maktaba," alisema Saimi. "Ndiyo maana hakuwahi kurudisha vitabu."

Armas hakucheka. Alifuata utaratibu aliofundishwa na mzee mwenyewe: ondoa washukiwa mmoja mmoja, atakayebaki ndiye mwizi. Kwanza aliweka kadibodi mbele ya rejeta ili injini ipate moto. Kisha akashika mipira miwili ya maji ya hita. Wa kuingia ulichoma. Wa kutoka ulikuwa vuguvugu.

"Kuna hewa imenasa humu," akasema, akaulegeza mpira, nao ukatoa sauti ndefu, nene, isiyofaa msibani. Saimi aliistahimili kwa heshima zote, kwa muda wa sekunde nne hivi.

"Pole na tumbo, kaka."

"Shika tochi, wewe."

Chini ya dashibodi alikuta bomba la hewa limezibwa na kiota cha panya, kilichofumwa kwa sufu ya soksi za marehemu. Alikitoa chote. Feni ikavuma, joto likapanda, kioo kikafunguka kutoka chini kwenda juu. Saa nne u nusu waliteremka kwenye barafu.

Watu wa kisiwani wana sheria zao za barafu, na mtoto huzijua kabla ya sala: mkanda usifungwe, dirisha lishushwe, usisimame. Barafu ikifunguka, utoke upesi, bila mizigo na bila kuaga. Lakini Armas alikuwa ameishi mjini miaka ishirini. Alipandisha vioo vyote.

"Dirisha, Armas."

"Joto litatoka. Nimelihangaikia saa nzima."

Katika kilomita ya nne ukungu ulirudi. Haukuanzia pembeni, kama ukungu wenye adabu. Ulianza katikati ya kioo, duara moja la ukubwa wa sahani, ukapanuka, ukanywea, ukapanuka tena.

"Saimi, acha mchezo."

Alikuwa na haki ya kumshuku. Huyu ndiye aliyemtilia mchungaji chumvi kwenye bakuli la sukari, akiwa na umri wa miaka thelathini na sita.

"Mikono yangu hii hapa mapajani."

Armas akaanza upya kuondoa washukiwa. Feni inavuma. Hewa ni ya moto. Maji hayavuji. Theluji waliikung'uta miguuni kabla ya kupanda.

"Basi ni pumzi zetu," akasema. "Hebu zuia pumzi."

Wakazizuia wote wawili. Duara likapanuka, likanywea. Likapanuka, likakwama kidogo katikati, kama kifua kinachotafuta njia, kisha likaendelea. Saimi alikujua kule kukwama. Mwezi mzima kabla ya kifo alikuwa amekesha kando ya kitanda cha baba akikusikiliza.

Waliachia pumzi kwa pamoja. Hakuna aliyegeuka kutazama kiti cha nyuma.

"Daktari alisema alifariki lini?" Armas aliuliza.

"Unajua lini."

"Nauliza tu."

Ukungu ulikuwa umefunika kioo chote. Matawi ya misonobari yaliyochomekwa barafuni kuonyesha njia hayakuonekana tena. Armas alifuta kwa kiganja. Kioo kikaziba nyuma ya kiganja chake. Na kusimama hakuruhusiwi.

"Fungua dirisha," Saimi alinong'ona.

"Tutapoteza joto, halafu ndiyo hatutaona kabisa."

"Armas. Yeye hakuwahi kupita hapa madirisha yamefungwa."

Saimi alizungusha mkono wa dirisha lake. Baridi iliingia, na pamoja nayo sauti ndogo ya maji, ya taratibu, kama paka anayekunywa kwenye kisahani. Ilitoka upande wake, karibu sana. Saimi akatoa kichwa nje. Matawi yalikuwa mbali kushoto. Mbele yao barafu ya kijivu iligeuka nyeusi, ikiyeyuka kuwa maji.

"Kushoto," alisema polepole, kwa maana kupaza sauti kulionekana utovu wa adabu. "Kushoto, kaka. Kushoto."

Armas alikata usukani bila kugusa breki. Barafu ililia chini yao, mlio mmoja mrefu uliokwenda hadi ufukweni ukarudi. Likatokea tawi moja, halafu la pili. Naye akashusha dirisha lake, na papo hapo ukungu ukaachia kioo chote, kama mtu aliyeondoa uso.

Walivuka hivyo, madirisha wazi, hita ikivuma mpaka mwisho, nyusi zimeganda. Saa tano kamili mlinzi alishusha kizuizi nyuma yao, akainua kidole kimoja, jambo ambalo kwa Mfini, mtu wa maneno machache, ni hotuba.

Mbele ya kanisa Saimi alinyoosha mkono kuzima injini. Armas, ambaye nyumbani kwake huzima taa wageni wakiwa bado chumbani, aliushika mkono huo.

"Liache."

"Petroli itakwisha."

"Liache, dada. Huko nyuma kuna baridi."

Kisha wakaingia kumzika.