Kobe wa Miao Aenda Ziwani

Kwaru, kwaru, kwaru. Kulikuwa bado giza, na kucha zilikuwa zikikwangua beseni la bati kule jikoni. Yuzhen aliizoea sauti ile kama alivyoizoea pumzi ya binti yake, Miao, aliyelala ubavuni pake. Ni kobe tu, anadai jani lake la kabichi. Mara sauti ikakatika, ghafla, kama mtu aliyezibwa mdomo.

Alipofika jikoni alimkuta mama mkwe wake, Bibi Lu, amempakata kobe mapajani, anamfunga utepe mwekundu gambani.

Kazi ya Bibi Lu ilikuwa kuuza viumbe wa kuachiliwa, pale kwenye lango la hekalu. Wageni walikuja kutazama ziwa, wakafukiza udi, wakanunua ndoo ya samaki. Mtawa akawaombea samaki, nao wageni wakawamwaga mferejini wapate thawabu. Chini ya daraja la tatu mpwa wake Bibi Lu alikuwa ameshatega wavu. Jioni samaki wale wale walirudi ndooni. Mji mzima ulijua, na mji mzima ulinyamaza.

Lakini jana alitokea mgeni asiyedanganyika, Mama Fang, kutoka jijini. Mwanawe wa pekee alikuwa kitandani hospitalini na madaktari walishaanza kumkwepa macho mama mtu. Alitaka kobe, kwa kuwa kobe ndiye mwenye umri mrefu, na alitaka kumwachilia mwenyewe katikati ya ziwa, penye kina, wavu usipofika.

"Mama, huyu ni wa nchi kavu," Yuzhen alinong'ona. "Itazame miguu yake. Atazama kama tofali."

"Akizama, nani atamfuata chini kumwuliza habari?"

"Ni wa Miao. Baba yake ndiye aliyemwokota..."

"Baba yake nilimzaa mimi." Bibi Lu alikaza fundo. "Na Miao ni wa nyumba hii, kama hilo kasia unalowavushia wageni. Wewe ulishuka milimani na kikapu cha viazi, mkwe wangu. Ukituchoka, kikapu chako kipo darini. Ila mtoto hatoshei humo."

Tangu mumewe afe, Yuzhen alikuwa akitishwa na kikapu kile, na kila mara alifyata mkia. Alifyata tena. Alimwamsha Miao, akamwambia kobe anakwenda kutembea ziwani, akamwapisha asiseme neno lolote mashuani. Mtoto, miaka sita, aliuliza kama atarudi kabla ya chakula cha jioni. Yuzhen alimfunga kitambaa chake cha buluu kichwani, akamwambia avae viatu haraka.

Asubuhi ilipochangamka walikuwa majini. Yuzhen alisimama nyuma akipiga kasia. Miao alikaa mbele, mikono chini ya mapaja. Mama Fang alimshika kobe kama mtu ashikavyo bakuli lililojaa. Mtawa alikuwa ameandika jina la mwana wa mama huyo gambani kwa rangi nyekundu. Mama Fang alikuwa mwanamke mpole. Alimmenyea Miao chungwa, akamwomba radhi kwa kumnunua kobe wake. Bibi Lu alikuwa amemwambia kwamba mtoto mwenyewe ndiye aliyemtoa, kwa huruma. Miao alimtazama mama yake.

Walipofika penye matete Yuzhen aliacha kasia. Hapa maji yalimfika mtu magotini, na kisiwa kidogo cha nyasi kilikuwa umbali wa mkono tu. Alisema, huku akiangalia vidole vyake vya miguu, kwamba makobe hupapenda hapa, pana utulivu, dada angemweka tu juu ya nyasi.

Mama Fang alitabasamu kwa huzuni. "Na wavu wenu upo wapi hapa, mdogo wangu? Niliambiwa wapiga makasia wa huku mna maneno matamu."

Ilibaki sentensi moja tu. Yuzhen aliisikia ulimini, nzito. Aligeuka nyuma: kwenye ngazi za hekalu, mdogo kwa umbali, alisimama Bibi Lu na koti lake la zambarau, mkono juu ya macho, akiwatazama. Yuzhen akashika kasia.

Katikati ya ziwa upepo ulikuwa umelala. Mama Fang alilitaja jina la mwanawe mara tatu, akainama, akamlaza kobe juu ya maji kwa mikono yote miwili. Kobe alitupa miguu. Alinyoosha shingo yote, akafunua kinywa, akapiga maji kwa kucha zile zile za beseni.

"Mtazame anavyofurahi," alisema Mama Fang, machozi yanamtoka.

Kisha akazama. Utepe ndio uliochelewa kidogo, ukafuata.

Huko kwao wanaamini kwamba kobe aliyeachiliwa hupanda juu mara tatu kumshukuru aliyemwokoa, na akishukuru, mgonjwa hupona. Mama Fang alipiga magoti akisubiri. Viputo vilikuja, vikubwa, halafu vidogo, halafu kimoja. Alisubiri mpaka mashua ikageuka yenyewe taratibu.

"Mbona hapandi?" aliuliza. Hakuyatoa macho pale majini. "Mdogo wangu, wewe ni mtu wa ziwa. Mbona hapandi?"

"Pana kina, dada," alisema Yuzhen. "Atachelewa kidogo."

Mama Fang aliitikia kwa kichwa, kwa shukrani, akaanza upya kulitaja jina la mwanawe. Miao aliliweka chungwa ubaoni. Alikuwa hajalionja.

"Hajui kuogelea," alisema, "na mama analijua hilo."