Taa Zilizokwenda Musaga

Duka la Hayat liko Buyenzi, mtaa wa Bujumbura, kati ya fundi wa redieta na muuza matairi, na tangu alipolirithi kwa baba yake hakuwahi kumuuzia mtu taa kabla ya kumuuliza inakwenda kufungwa wapi. Wateja wengine walichoshwa na maswali yake. Mtu anataka taa tu, yeye anauliza: ukuta wenyewe unaoshwa? Kuna moshi? Mvua inapiga kutoka upande gani? Bafuni pana taa yake, barazani pana taa yake, hata banda la kuku lina taa yake.

Marehemu baba yake, fundi Atumani, ndiye aliyemfundisha kusoma zile namba mbili zinazoandikwa pamoja kwenye taa zilizozibwa vizuri. Ya kwanza ni ya vumbi, na ikifika sita vumbi halipiti kabisa. Ya pili ni ya maji: nne inavumilia maji ya kurukia, tano inavumilia hata maji ya mpira wa bomba. Watu wa Bujumbura huziita taa za étanche, zile zenye mfuniko mgumu na mpira mweusi unaozunguka pembeni. Mzee alikuwa akisema umeme hauna huruma lakini pia hauna chuki, unapita pale tu ulipoachiwa njia.

Mwaka huo bidhaa zilikuwa hazifiki. Dola hazipatikani, malori yanalala njiani kwa kukosa mafuta, na mfanyabiashara wa Dar es Salaam aliyekuwa akimletea mzigo alimwambia kwenye simu avumilie. Hayat alivumilia mpaka rafu zake zikabaki na soketi na nyaya. Ndipo siku moja asubuhi ikaja katoni moja ya taa ndefu za étanche, sita tano, katoni moja peke yake.

Taa hizo zilikuwa na mwenyewe. Twahiru, mdogo wake wa pekee, alikuwa mtu wa mashine katika kiwanda cha kusaga mahindi kule Zone Industrielle, na ndiye aliyeomba ziletwe. Taa za zamani za kiwanda zilikuwa zimekufa, na Hayat alikuwa amemweleza mara nyingi kwamba unga ukipeperuka hewani unashika moto upesi kuliko kuni kavu. Taa ya wazi inaingiza unga ndani, unga unalala juu ya kifaa kinachopata moto, na siku moja cheche ikiruka jumba zima linawaka. Twahiru alimweleza tajiri wake, Fortunat, naye akakubali kungoja.

Hayat hajamaliza kuipasua katoni, akaingia Joëlla. Alikuwa muuguzi katika nyumba ndogo ya uzazi huko Musaga, bado amevaa koti lake jeupe.

"Mama, nimetumwa kwako," alisema. "Wameniambia we ndiye unajua taa za mahali pa maji."

"Maji ya namna gani?"

"Chumba cha kuzalishia. Tunaosha ukuta na mpira, kila siku, juu mpaka chini. Maji imeingia ndani ya taa. Juzi Epiphanie, mama anayetufanyia usafi, umeme ilimukamata akiwa anaosha. Ilimutupa chini. Mkono wake mpaka leo haushiki kitu." Joëlla alifuta uso. "Tumekata umeme ya kile chumba. Sasa tunazalisha na tochi ya simu. Jana mama mmoja alikuwa anatoka damu, na mi sikuona inatokea wapi. Mungu tu alitusaidia."

Hayat alitazama katoni. Joëlla naye aliitazama.

"Zile ndizo?" aliuliza.

"Ndizo. Lakini ni za watu."

Wakati huohuo Twahiru akafika na mkokoteni kuchukua mzigo wake. Alikuwa kijana mrefu mwenye nyusi nyeupe za unga hata siku ya mapumziko, kiasi kwamba mama yao, bi Fatouma, alipenda kusema mwanawe amezeeka kabla yake. Alisalimia, akasikiliza. Joëlla alimrudia habari yote tangu mwanzo.

"Tuzigawanye," Hayat alisema.

Twahiru alitikisa kichwa. "Dada, we mwenyewe ulinifundisha. Taa moja ya wazi kwenye mashine ni sawa na zote kuwa wazi."

Ilikuwa kweli. Na kule Musaga taa chache zingeangaza upande mmoja wa chumba, na upande mwingine mtu angeshika tena ile mbovu. Kugawanya kusingemwokoa mtu hata mmoja.

"Wape hawa," Twahiru alisema. "Wenye kuzaa hawangoji. Sisi tutangoja. Mi nitasema na patron, tutasaga mchana, milango wazi. Si mzigo mwingine unakuja?"

"Inshallah unakuja."

"Basi." Akaibeba katoni mwenyewe, akaipakia kwenye mkokoteni, akaisukuma mpaka kwenye basi la kwenda Musaga huku Joëlla akimfuata nyuma akimwombea baraka. Hayat aliwatazama kutoka mlangoni, na moyo wake ulikuwa umetulia. Alichagua, na alichagua vizuri. Aliamini hivyo kabisa.

Mzigo mwingine haukuja. Kila alipopiga simu Dar es Salaam alijibiwa vilevile. Twahiru alipokuwa akipita dukani hakutaja habari za taa, na Hayat alidhani bado wanasaga mchana. Siku moja alikwenda mwenyewe kiwandani. Hata kabla ya kuingia aliona, kupitia mlango, mwanga mweupe uliomfanya asimame.

Juu ya mashine zilikuwa zimefungwa taa za kawaida, zile za sebuleni, wazi pande zote mbili. Kila moja ilikuwa imezungushiwa plastiki ya mifuko na kufungwa kwa kamba. Unga ulikuwa umekaa juu ya plastiki, juu ya boriti, juu ya nyaya, umetanda kama jivu.

Fortunat alimpokea kwa heshima. Alikuwa mtu mnene, mwenye sauti ya chini, na hakujificha.

"Mama Hayat, mi najua unataka kusema nini. Twahiru amenisemea sana. Lakini chumba kile ni giza hata mchana. Mutu mmoja karibu aache vidole kwenye mkanda. Nifunge? Nikifunga, hawa wote watakula nini? Na Kanyosha kule watu wanangoja unga."

"Plastiki inazuia joto kutoka. Umeziongezea ubaya."

"Basi niletee zile za étanche. Ukileta kesho, kesho nabadilisha. Mbele ya Mungu."

Hakuwa na cha kumletea. Alitoka nje na Twahiru, wakasimama kando ya magunia.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungekuja kugombana, dada. Angenitoa kazini. Na mama dawa zake je?"

Hayat alitaka kumwambia aache kazi siku hiyohiyo. Neno lilikuja mpaka kwenye meno, likarudi. Alijua vijana wangapi wamekaa Buyenzi wakitazama barabara tangu asubuhi mpaka magharibi. Akampa kile alichokuwa nacho, yaani maarifa.

"Basi toeni hizo plastiki. Na mupanguse vumbi mara kwa mara, juu ya taa na juu ya boriti. Mashine ikiwa imesimama tu. Na kabla ya kupanda, uzime taa kwenye swichi. Unanisikia, Twahiru? Swichi kwanza."

"Swichi kwanza," Twahiru alirudia akicheka, kama mtoto anayesomeshwa aya. Akarudi ndani.

Ilitokea alasiri moja. Umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima, mashine zimenyamaza, wafanyakazi wametoka nje kupunga upepo. Twahiru akaona huo ndio wasaa. Alichukua ngazi na ufagio, akaondoa plastiki, akaanza kupangusa taa na boriti kama alivyoelekezwa. Wenzake walimwona kupitia mlango akiwa juu, unga unamwagika kumzunguka kama pazia. Kisha umeme ukarudi. Walisema waliona kitu chepesi cha bluu kwenye taa, halafu jumba lote likavuta pumzi, na mlango ukatema moto.

Muuza matairi ndiye aliyepata simu, na hakujua aanze vipi kumwambia jirani yake. Hakukuwa na gari lenye mafuta. Hayat alikwenda kwa miguu, kanga mkononi, viatu vikamtoka njiani naye hakuviokota. Alipofika, Twahiru alikuwa ameshapelekwa hospitali kwenye gari la magunia. Fortunat alikuwa ameketi chini kwenye vumbi, amejishika kichwa.

Hospitalini walikuwa wamemfunga bendeji usoni na mikononi. Macho yalibaki, na midomo. Daktari alimwambia Hayat, kwa upole wa mtu aliyekwisha kata tamaa, kwamba ngozi si tatizo kubwa kuliko yote. Alikuwa amevuta moto ndani ya kifua.

Bi Fatouma aliketi upande mmoja wa kitanda na tasbihi yake, Hayat upande wa pili. Twahiru alisema maneno machache, kila neno likimgharimu.

"Dada. Nilikuwa napangusa."

"Najua. Nyamaza, upumzike."

"Nilipangusa vizuri."

"Najua, baba. Najua."

Kulikuwa na swali kwenye ulimi wake. Swichi, ulizima? Kama alizima, basi hitilafu ilikuwa mahali pengine, na hakuna mtu angeweza kujua. Kama alisahau, basi ni yeye Hayat aliyempandisha kwenye ngazi, akampa ufagio, akamwambia apeperushe unga chini ya taa ya wazi. Alilimeza usiku na mchana. Lilikuwa swali la kujitafutia nafuu yeye mwenyewe, na hakuweza kumfanya mgonjwa alipie kwa pumzi zake. Twahiru akafa bila kuulizwa, siku ya Ijumaa, watu wakiwa wanatoka msikitini.

Walimzika jioni ileile. Wanawake walijaa nyumbani kwa bi Fatouma, mikeka ikatandikwa mpaka uani. Siku ya kisomo, wakati sinia za wali zinapita, aliingia Joëlla, na nyuma yake mwanamke mwenye mkono mmoja uliokaa kifuani kama kitu cha kuazima. Ndiye Epiphanie. Walikuwa wamesikia tu kwamba mwenye duka la taa amefiwa na ndugu, nao walileta mkungu wa ndizi kama pole yao.

Joëlla alipiga magoti mbele ya Hayat, akamshika mikono.

"Pole, mama. Pole sana. Tumesema tuje tukuone, maana we ulitufanyia kitu kikubwa. Zile taa zinawaka vizuri sana. Tunaosha, tunamwagia maji, hazisikii. Kuna mama alizaa mapacha juzi, mmoja alitoka amekwama na kamba ya kitovu shingoni, tukaona haraka. Ni zile taa." Akatazama huku na huku. "Na yule kijana aliyetubebea katoni, nilitaka kumushukuru pia. Yuko hapa?"

Hayat alimtazama mama yake. Epiphanie ndiye aliyeelewa kwanza. Alimvuta mwenzake bega kwa mkono wake mzima. Joëlla akaziba mdomo. Bi Fatouma, aliyekuwa ameegemea ukuta, aliinua macho kutoka kwenye tasbihi.

"Katoni gani?" aliuliza.

Hayat alimweleza hapohapo, mbele ya watu, kwa sababu hakuwa na nguvu za kungoja watu waondoke. Alieleza jinsi katoni ilivyokuwa moja, jinsi Twahiru alivyosema wape hawa, habari za plastiki, na neno lake mwenyewe la kupangusa. Wanawake waliacha kula. Joëlla alilia kwa sauti, akisema wangezirudisha, wangezirudisha kama wangejua, na mama mmoja akamwambia anyamaze, taa hazirudishwi kwenye kaburi.

Wageni walitawanyika, vyombo vikaoshwa. Hayat alikuwa akikunja mikeka. Mama yake akamwita.

"Mi sikulaumu, Hayat."

"Ahsante, mama."

"Ngoja nimalize. Sikulaumu. Yule mutoto wa Musaga ni mutoto wa mutu, na mama yake analala vizuri leo, alhamdulillah. Mi siwezi kumutakia kufa." Alisogeza punje za tasbihi bila kuzihesabu. "Lakini usije hapa asubuhi. Ndugu yako ndiye alikuwa anakuja asubuhi, kabla ya kazi. Nikisikia mlango, moyo wangu unasimama kumupokea. Halafu ninaona ni we. Siwezi, mwanangu. Sitaki nikuchukie kwa sababu ya mlango."

Hayat alisema sawa, mama. Alimaliza kukunja mikeka, akaiegemeza ukutani.

Tangu hapo alikwenda kwa mama yake alasiri, wakati wa chai, na mara nyingi alimkuta amelala au anajifanya amelala. Akaweka dawa kwenye meza, akakaa kidogo, akaondoka. Dukani aliendelea kufungua, maana hakujua jambo lingine la kufanya na mikono yake. Watu walikuja kutafuta taa, naye aliwapa walichoonyesha kwa kidole. Wale waliomzoea waliona kwamba Hayat hamuulizi mtu tena zinakwenda kufungwa wapi.