Hatua ya Saba

Mashine ilianza kutupa askari wake. Mmoja, wa pili, halafu farasi, bure kabisa. Nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti cha Théogène na faili mkononi, nikadhani imeharibika.

"Haijaharibika," alisema. "Inaogopa."

Ilikuwa mwaka 1998, Gisenyi, katika ofisi ya mradi wa mbegu nilikokuwa karani. Théogène alikulia Tanzania, na alikuwa ameiandika mwenyewe ile programu ya sataranji. Kila saa ya chakula aliichezesha dhidi ya nafsi yake: upande mmoja uone hatua tatu mbele, mwingine tano. Ule wa hatua tano ulishinda karibu kila mara. Kila hatua iliyoongezwa ilileta nguvu, ila ilidai muda wake: nne, kufumba na kufumbua; sita, unamaliza chai; saba, unakwenda kula na ukirudi unaikuta bado inawaza.

"Hapa nimeipa tano," alinieleza. "Imeona ngome yake italiwa katika hatua ya tano. Ikitoa askari, adui anamla, na kifo cha ngome kinasogea hadi hatua ya saba. Haikioni tena. Inadhani imepona."

"Kumbe mujinga!"

"Si mjinga. Macho yake yanaishia hapo."

Nilicheka, lakini nilijiona mimi mwenyewe. Mama yangu, Mukandori, alikuwa akikaa peke yake Busasamana, na abacengezi, wale waasi, walikuwa wakishuka kutoka msituni kuua watu majumbani mwao. Kila nilipopata habari mbaya nilimtumia kitu: sukari, blanketi, kufuli jipya. Nikishatuma, moyo unatulia wiki nzima. Nilikuwa naisukuma hofu mbele nisiione, basi.

Sikungoja saa ya kutoka. Nilipanda lori la viazi, nikakaa karibu na dereva, Bizumuremyi, na njia nzima sikuthubutu kutazama migomba. Niliogopa wamejificha humo, na jua lilikuwa la saa nane mchana.

Mama alikuwa anapalilia. Aliposikia nimekuja kumchukua, hata jembe hakuweka chini.

"Mi siendi. Hii mbuzi yangu nani ataangalia? Na nyumba?"

Dereva alipiga honi. Nilitazama msitu, nikatazama jua, na sitaficha, nilikuwa tayari kusema lolote ili tuondoke. Ng'ambo ya ua alisimama Belise, jirani yetu, mjane wa miaka ishirini na miwili aliyekaa kwenye kibanda cha nyasi.

"Belise iko hapa," nikasema. "Atalala mu nyumba yako, ataangalia mbuzi. We twende, mama."

"Mu nyumba ya mabati?" Belise aliuliza, akicheka kwa furaha. "Yenye mulango ya mbao? Ee, dada, asanti sana!"

Mama alimtazama kidogo, akatoa ufunguo kwenye pindo la kitenge, akampa. Tuliposhuka mjini nikaliona ziwa, nikalia kwa raha. Nilikuwa nimemwokoa mama yangu.

Siku ya nne Bizumuremyi alisimama mlangoni pangu, kofia mkononi. Walikuja, alisema. Vibanda vya nyasi walivipita bila kuvitazama, wakaenda moja kwa moja kwenye mabati. Hakutaja jina, wala hatukumuuliza.

Mama alikuwa anachambua maharage. Aliweka ungo chini, akaitazama mikono yake.

"Ni mi nilimupa ufunguo," alisema. "Ni mi."

Jibu nilikuwa nalo mdomoni: hapana mama, ni mi nilimutaja. Niliogopa kulitoa siku ile, nikasema nitamwambia kesho, akishatulia. Mama aliishi miaka kumi na mmoja zaidi, na kila Jumapili kanisani alimwomba Belise msamaha, nami nimekaa pembeni yake.