Mzazi Asiye na Mtoto

Bibi Theopista wa Mwika alikuwa ameshalea uzazi wa wakamwana watano, akiwafungia chumbani na kuwalisha mtori, supu ya ndizi na nyama, na wote walitoka ndani wamenona hadi milango ikalalamika. Hivyo mwaka 2003, mjukuu wake Doris wa kidato cha tatu alipoanguka kwa udhaifu kwenye shamba la kahawa, naye bibi akakuta karatasi ndani ya kitabu cha msichana cha nyimbo za kanisa, hakuchelewa. Doris alikuwa amezichapisha kwenye intaneti kafe mjini Moshi. Mwalimu wa jirani alimtafsiria: wasichana wa ughaibuni wakisifiana kwa kubaki mifupa na kufundishana kudanganya wazazi.

"Siku hizi shetani ana kompyuta," alisema Theopista. Akapiga marufuku Moshi, akamlaza Doris chumba cha uzazi, akabandika mtori.

Daktari aliyempima alikuwa amesema msichana asilazimishwe kula, ila asiachwe peke yake. Basi bibi alikaa kitandani akimsimulia aibu za ukoo mzima, bakuli likipoa. Siku tatu, vijiko viwili. Theopista aliogopa. Alishazika watoto wawili, na hakuwa na nguvu ya kumzika wa tatu.

Kijiji nacho kiliona mlango uliofungwa, kikanusa mtori, kikapata jibu lake. Siku ya nne akaja jirani, Mama Beatrice, na kibuyu cha maziwa na umbea uliokizidi kibuyu.

"Shikamoo, mama. Tumekuja kumwona mtoto. Baba yake nani?"

"Marahaba. Baba yake huyu hapa." Theopista akamtupia zile karatasi. "Hakuna mtoto. Kuna msichana anayekufa njaa katikati ya migomba. Nenda katangaze, lakini utangaze sawasawa! Wasichana hawa wanasema wameshakula shuleni. Wanavaa sweta mbili juani tusione mifupa."

Mama Beatrice alikuwa ameshafungua mdomo acheke. Akaufunga.

"Beatrice wangu anavaa sweta mbili," alisema. "Nikadhani ni malaria."

Mlango wa chumba ukafunguka. Doris alisimama ameshika ukuta.

"Usimkaripie Beatrice, mama. Mimi ndiye niliyempa karatasi kama hizo. Mlete hapa. Peke yake hatakula. Hata mimi peke yangu siwezi."

Theopista akafuta machozi kwa kanga. Akaenda jikoni kumenya ndizi nyingine.