Voliumu Inayokwenda Kinyume

Mke wangu anakiita chumba changu cha ufundi mochwari. Ni kweli nimetundika ukutani viwiliwili vitano vya magitaa visivyo na shingo wala nyuzi, na kila kimoja kina kikaratasi cha tarehe kilichofungwa kwa uzi, lakini bado naona jina hilo ni la uonevu. Siku za kazi natengeneza meno ya bandia katika kliniki ya meno, na kazi hiyo ndiyo inayotulisha. Jumamosi na Jumapili natengeneza magitaa ya umeme. Kazi hiyo haimlishi mtu. Yenyewe ndiyo inayokula: mbao, vanishi, waya, na uvumilivu wa mke wangu.

Mimi si mtu mpole, nasema mapema ili usije ukashangaa. Dada yangu, ambaye ni kifungua mimba kwetu na mimi ni kitinda mimba, aliniita Msasa tangu nina miaka tisa. Alisema kila ninayekaa naye namkwaruza. Jina likaganda, na sasa hata shemeji zangu wanalitumia mbele ya watu.

Dada huyo ndiye aliyeniambukiza ugonjwa wa magitaa. Alipiga gitaa la umeme kwenye bendi ya hoteli kwa miaka ishirini na miwili. Siku moja gitaa lake lilikuwa linakata sauti, nikalifungua, nikakuta ndani hakuna maajabu: sumaku chache zilizozungushiwa waya mwembamba kuliko unywele, nyaya nyingine za kawaida, na voliumu. Nikasema, kumbe hata mimi naweza. Tangu siku hiyo nimetengeneza magitaa kumi na saba, na dada ameyapiga yote na kuyatukana yote, moja baada ya jingine.

Miezi saba iliyopita alipata kiharusi. Mguu ulirudi. Ulimi ulirudi kabla ya mguu, kama tulivyotarajia wote. Mkono wa kushoto ndio uliogoma. Bega lilisogea, kiwiko kikakunjika, lakini vidole vilikaa tu vimelala. Na kwa mpiga gitaa, mkono wa kushoto ndio unaobana nyuzi shingoni. Wa kulia unacharaza tu. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alimpa mpira mdogo wa kuminya mara mia kwa siku. Dada aliuminya siku nne. Siku ya tano mpira ulionekana mdomoni mwa mbwa wa jirani.

"Unajua kuminya mpira kulivyo?" aliniambia. "Unaminya, kimya. Unaminya tena, kimya. Heri niongee na ukuta, ukuta angalau una mwangwi."

Nikamwambia naweza kumtengenezea gitaa la kugeuzwa, ili mkono wa kulia ubane nyuzi, na wa kushoto ucharaze kwa nguvu ya bega. Alinitazama mpaka nikaanza kuchezea funguo zangu.

"Usinitengenezee kitu, Msasa. Kila mtu siku hizi ananitengenezea vitu. Vijiko vya mpini mnene. Magauni yasiyo na vifungo. Sitaki gitaa la mgonjwa."

Nikasema sawa. Nikarudi nyumbani na kuanza kulitengeneza siku hiyohiyo.

Nilichagua ubao mwepesi kuliko yote niliyokuwa nayo, nikaukata kwa msumeno, nikauchonga tumbo ili ukae vizuri kwenye paja la mtu aliyeketi. Nilipiga msasa mpaka mke wangu akaacha kuanika nguo upande ule wa nyumba. Waya wa sumaku niliuzungusha kwa cherehani kuukuu isiyo na sindano, mizunguko elfu saba na mia nane, nikihesabu kwa sauti, na ole wake aliyeniuliza kitu nikiwa kwenye elfu tano. Kwa mkono wake wa kushoto nilitengeneza pete ya kidole gumba yenye ncha, ya plastiki ileile ninayotengenezea ufizi, ili asihitaji kushika chochote.

Zikabaki nyaya. Mchoro wa nyaya zangu naujua kama jina langu. Kwa kuwa gitaa limegeuzwa, nami nikaugeuza mchoro mzima kama unaoutazama kwenye kioo, kilichokuwa kulia kikaenda kushoto. Ndivyo ninavyofanya meno kila siku, jino la kulia na mwenzake wa kushoto, na sijawahi kukosea. Nikalehemu viungo kumi na kimoja, vyote vikang'aa, nikajipongeza kwa sauti.

Nina sheria moja. Gitaa halitoki mezani kabla sijalipiga saa nzima kwenye amplifaya na kugusa kila kinachogeuka. Magitaa kumi na saba, sijaivunja hata mara moja. Lakini Jumamosi hiyo umeme ulikatika saa nne asubuhi, nikiwa ndiyo kwanza nimekaza skrubu ya mwisho. Nilipima nyaya kwa kipimo changu kidogo kinachotumia betri, zote zinapitisha. Nikakaa kusubiri umeme, nikilaani kila mtu anayehusika nao. Saa saba na nusu simu ikaita. Alikuwa mpwa wangu, binti wa dada.

"Mjomba, mama anagawa gitaa lake. Lile lile la bendi. Mwalimu wa kwaya anakuja kulichukua saa tisa. Njoo umzuie, mimi amenifukuzia jikoni."

Nililitia gitaa jipya kwenye mfuko, nikatupia begi la vifaa begani. Mke wangu alikuwa mlangoni.

"Haraka haraka..." alianza.

"Usimalizie," nikamwambia.

Kwa dada umeme ulikuwepo. Nilimkuta kwenye kiti chake karibu na dirisha, amevaa vizuri kama anayesubiri wageni wa posa. Gitaa la bendi lilikuwa mezani ndani ya sanduku lake, limefutwa vumbi. Amplifaya yake ilikuwa pembeni, pale pale alipoiacha miezi saba iliyopita, na juu yake mtu alikuwa ameweka chungu cha maua. Aliutazama mfuko niliobeba, akanitazama mimi.

"Nilikwambia nini?"

"Uliniambia nisitengeneze."

"Na wewe?"

"Nikatengeneza."

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," alisema.

"Guu langu zima, dada."

"Subiri. Siku haijaisha."

Nilimwomba aniruhusu nilitoe tu alione. Akakataa. Nikamwomba basi asiligawe lile la zamani, ahifadhi tu, kitu hakiozi. Akasema kitu kisichopigwa kinaoza, na mimi fundi ndiye niliyepaswa kumfundisha hilo. Hapo nikapandisha mori. Hasira hasara, najua, lakini yangu huwa haingojei methali.

"Haya, gawa! Gawa gitaa, gawa na amplifaya! Gawa na hivi viti, mwalimu akija akukute umekaa chini!"

Jikoni mfuniko wa sufuria ulianguka. Dada hakujibu, na hilo ndilo lililonimaliza, maana dada yangu hajawahi kuniacha na neno la mwisho. Niseme ukweli, haikuwa hasira. Nilikuwa naogopa. Tangu nizaliwe, nyumba aliyokuwamo dada haikuwahi kuwa kimya, na kama gitaa lingetoka pale bila kitu cha kushika nafasi yake, asingepiga tena, na mimi sikujua namna ya kuishi na dada aliyenyamaza. Nikamwambia hivyo hivyo, nikiwa nimesimama katikati ya chumba na begi begani.

Aliutazama tena ule mfuko.

"Nikilishika, utaondoka?"

"Nitaondoka."

"Lete."

Nikamwekea gitaa pajani, shingo ikielekea kulia. Nikamvisha pete kidole gumba cha kushoto. Niliondoa chungu cha maua, nikachomeka waya, nikawasha amplifaya. Kabla ya hapo nilikuwa nimeizungusha voliumu ya gitaa kushoto mpaka mwisho, kama ninavyofanya siku zote, ili isimshtue. Ningeipandisha mwenyewe polepole.

Dada aliinua mkono wa kushoto kutoka begani. Baadaye aliniambia alitaka kulisukuma lishuke pajani, basi amalizane na mimi. Mkono ulimchoka njiani, ukaanguka juu ya nyuzi zote sita.

Ulitoka mngurumo sijawahi kuusikia ndani ya nyumba ya watu. Vioo vya dirisha vilitetemeka. Mbwa wa jirani alibweka, mpwa wangu alikuja mbio na mwiko mkononi. Niliirukia voliumu kuipunguza, nikakuta iko mwisho kabisa. Nikaikaza, haiendi. Nikaikaza zaidi, mngurumo uko palepale. Mwishowe, kwa kuchanganyikiwa, nikaizungusha upande wa pili. Kimya.

Hapo nikaelewa, na masikio yakanichoma. Voliumu si jino. Nilipougeuza mchoro kama kwenye kioo, nilizibadilishia nafasi nyaya zake mbili za pembeni, na sasa ilikuwa inakwenda kinyume: ukifunga inafunguka, ukifungua inafunga. Na voliumu ya aina ile ikiunganishwa kinyume haipandishi sauti taratibu. Ukiisogeza kidogo tu kutoka kwenye kimya, sauti inakuja karibu yote kwa pamoja. Hata anayeanza kujifunza ufundi anaambiwa hivyo siku ya kwanza.

Dada alikuwa anacheka. Kicheko chake siku hizi kinainua upande mmoja tu wa mdomo, lakini kilikuwa chenyewe, kile cha zamani, cha kumcheka mtu hadharani.

"Magitaa kumi na saba!" alisema. "Kumi na saba, na voliumu imekushinda!"

"Hili ni la kumi na nane."

"Na huko kliniki, watu unawapandikiza meno ya juu chini?"

Mpwa wangu akageukia ukutani, mabega yakimcheza. Mimi nilipiga magoti sakafuni nikaanza kupekua begi.

"Nipe dakika ishirini," nilisema. "Nina chuma cha kulehemu. Nabadilisha nyaya mbili tu, unakuwa na kitu cha maana."

Nilikuwa nimeinama nikitafuta soketi nyuma ya kabati nilipoisikia sauti. Ilijaa chumba, ikakatika. Nikadhani waya umelegea. Ikaja tena, ikakatika.

Nikainua kichwa. Mkono wa kulia wa dada ulikuwa shingoni mwa gitaa, ukigongagonga nyuzi kwa vidole, bila shaka kwa mazoea tu. Mkono wa kushoto ulikuwa umelala juu ya ubao pale ulipoangukia, na kidole kidogo kimeegemea voliumu. Nikakitazama. Kikasogea, upana wa punje ya mchele, si zaidi. Sauti ikaja yote. Kikarudi. Kimya.

Mpwa wangu aliacha kucheka.

"Msasa," dada alisema taratibu, "huyo ni mimi?"

"Ni wewe."

"Si umeme?"

"Ni kidole chako, dada."

Akarudia. Kisha akarudia tena, uso ameukunja kama anayepitisha uzi kwenye sindano. Kama ningeiunganisha voliumu ile inavyotakiwa, ingemlazimu kuizungusha karibu nusu duara kabla ya kusikia kitu cha maana, na kidole kile hakikuwa na nusu duara ndani yake. Kilikuwa na punje ya mchele.

"Siku nne niliuminya ule mpira," alisema. "Haukuniambia hata neno moja."

Nililia, palepale sakafuni, na sioni haya kusema. Mpwa wangu alilia pia, mwiko bado mkononi. Dada hakulia. Hakuwa na nafasi, alikuwa anafanya kazi.

Saa tisa kamili mwalimu wa kwaya alibisha hodi. Alikuwa mtu mtaratibu mwenye shati lililonyooshwa, na alitukuta sisi wawili tuna macho mekundu, mwenye nyumba ana gitaa pajani. Akasema kama si wakati mzuri atarudi siku nyingine.

"Ni wakati mzuri," dada alimwambia. "Liko hapo mezani. Chukua."

Nikasimama. "Dada, si lazima tena sasa..."

"Kaa chini. Lile ni la mkono niliokuwa nao. Mwalimu mikono yake yote miwili ni mizima, atalipiga." Akamgeukia mgeni. "Beba, mwalimu, kabla huyu ndugu yangu hajaanza kukugawia na viti."

Mwalimu alilibeba sanduku kwa mikono yote miwili, nami nikamfungulia geti. Nilimwangalia akienda nalo mpaka kona. Nilifikiri ningeumia zaidi.

Niliporudi ndani nilipiga magoti tena kwenye begi, nikachomeka chuma cha kulehemu kwenye soketi ya nyuma ya kabati. Mkono wa fundi una ukaidi wake.

"Unafanya nini?" dada aliuliza.

"Narekebisha kidogo tu. Kosa ni kosa, dada, siwezi kuliacha hivyo kwenye kazi yangu."

"Ukigusa waya hata mmoja humu ndani, utaufuata ule mpira kwa mbwa wa jirani."

Nikakichomoa chuma kabla hakijapata moto, nikakirudisha begini. Kisha nikavuta kiti nikaketi. Dada aliinamisha kichwa juu ya gitaa, na kidole kidogo kikafungua, kikafunga, kikafungua, mpaka mpwa wangu akatuita mara ya tatu kwenda kula.