Pakiti Kumi na Nne, Vinywa Viwili

Mapacha hao wa miezi kumi na minne majina yao ya nyumbani waliyapata siku ile ile ya kuzaliwa. Aliyetangulia alitoka akifoka, wakamwita Bosi. Dada yake alifuata kimya kimya, wakamwita Karani. Mama yao naye akapoteza jina lake hapo hapo. Mtaa mzima ulimwita Mama Pacha, na mwenyewe alishazoea kuitika.

Asubuhi hiyo alikuwa kwenye benchi la kliniki, Karani mapajani, Bosi mgongoni, na mkononi mfuko wa maganda kumi na manne. Ndio utaratibu: chakula-dawa kile kitamu cha karanga hutolewa pakiti mbili kwa siku, na wiki ikiisha unarudisha maganda yahesabiwe, usije ukawa umeuza. Mama Pacha hakuwahi kupungukiwa hata ganda moja. Yalikuwa matupu kweli, yamelambwa hadi kwenye pembe. Ila hakuna aliyewahi kumuuliza yamelambwa na nani.

Mambo yalianza na utepe. Utepe huo wa kupimia mkono una rangi tatu, kijani ya mzima, njano ya aliyepungua na nyekundu ya aliyedhoofu kwa utapiamlo, na mwezi uliopita mkono wa Karani ulisoma nyekundu, wa Bosi njano. Tofauti yao haikufika upana wa punje ya mchele. Karani akaandikiwa chakula-dawa. Wa njano hupewa unga wa uji, na unga ulikuwa umekwisha stoo. "Unga ukifika tutakupigia," aliambiwa, na simu haikulia.

Sasa wewe mwambie mama apasue pakiti mbele ya watoto wawili, ampe mmoja, mwingine atazame. Jaribu uone. Siku ya kwanza Bosi alilia hadi sauti ikamkauka. Siku ya pili Mama Pacha akampaka kidogo ulimini, amnyamazishe. Siku ya tatu kila pakiti ilikuwa nusu kwa nusu, na mama akajifariji kwamba heri nusu shari kuliko shari kamili.

Wifi yake, aliyepanga chumba cha pili, alimcheka. "Wewe nawe na uaminifu wako! Si wamekupa utepe umpime mwenyewe nyumbani? Vuta kidogo tu, mtoto ashaingia nyekundu. Nani atajua?"

Alijaribu, tusimfichie. Jumapili mchana alimlaza Bosi kitandani, akavuta utepe hadi ngozi ikajikunja, na nyekundu ikatokea. Bosi akacheka, akidhani ni mchezo. Mama Pacha akaulegeza, ukarudi njano. Aliona aibu, kisha akaona hasira kwamba umerudi.

"Mama Pacha, pita."

Nesi alikuwa mwanamke wa makamo, sauti imemkwaruza kwa kuita watu. Alimpima Karani uzito, akambonyeza miguu kwa kidole gumba kutafuta uvimbe, akampa pakiti ya majaribio aone kama ana hamu ya kula. Karani aliimaliza kama anayekimbizwa. Nesi akaitazama kadi kwa muda.

"Wiki ya tatu hii hajaongeza hata gramu. Anakula, hana homa, hatapiki. Basi kuna ugonjwa umejificha. Lazima alazwe hospitali kuu. Leo."

"Leo? Na huyu wa mgongoni?"

"Mtoto mmoja, mlezi mmoja, vitanda havitoshi. Huyo mwachie wifi yako."

"Bado ananyonya, dada."

"Najua, mama."

Mama Pacha akahisi chumba kinambana. Akisema kweli atafutwa kwenye orodha. Wanawake wa bombani walishamwambia kwamba anayegawa huhesabiwa mwizi. Akinyamaza, Karani atakwenda kuchomwa sindano za ugonjwa asio nao, na Bosi atabaki hana ziwa wala nusu pakiti. Mbele hakuendeki, nyuma hakurudiki.

"Hana ugonjwa," alisema, macho sakafuni. "Ananyang'anywa. Mimi ndiye ninayemnyang'anya." Akaeleza yote, hata ya Jumapili.

Nesi hakufoka. Afadhali angefoka. Alivua miwani, akaifuta na koti lake.

"Nilipaswa kukuuliza tangu wiki ya kwanza," alisema. "Nahesabu maganda, sihesabu vinywa. Lakini sikiliza: nusu haimponyi huyu, wala haimwokoi yule. Unawapoteza wote wawili polepole. Na mimi pakiti ya mtoto wa njano sina ruhusa kuitoa."

"Basi nichague?" Sauti ya Mama Pacha ilipasuka. "Niambie wewe, dada. Nichague yupi?"

Nesi akavaa tena miwani. "Mshushe huyo wa mgongoni."

Bosi alikuwa akiharisha tangu juzi. Safari hii hakufoka alipoguswa. Alilegea tu juu ya meza. Nesi akazungusha utepe taratibu, bila kuuvuta. Akautazama, akautazama tena.

"Nyekundu."

"Asante Mungu!" alisema Mama Pacha.

Neno hilo lilimtoka kwa sauti, kwa furaha ya kweli, mikono ameinua. Kadi mbili, pakiti ishirini na nane, hakuna wodi, hakuna kuchagua. Kisha akamwona mwanawe pale mezani, mkono mwembamba umezungukwa na rangi ile, na akatambua alichokishukuru. Akaziba mdomo kwa kiganja, akaanza kulia.

Nesi alikuwa ameshachukua kadi mpya na anaandika.

"Usione aibu, mama," alisema bila kuinua kichwa. "Wewe ni wa tatu kushukuru tangu asubuhi."