Hakuna Aliyemwambia Don Hilarión

Don Hilarión ndiye aliyenishika mikononi siku niliyobatizwa. Kwetu León, mji wa viatu, mtu wa namna hiyo ni baba wa pili, na ukimkosea yeye umemkosea baba. Naanza na hilo ili msomaji apime mwenyewe uzito wa niliyoyatenda.

Alikuwa na mgahawa wa taco, vile vichapati vya mahindi vinavyokunjiwa nyama, mtaani kwetu, nyuma ya viwanda vya ngozi. Ulikuwa na meza nne za plastiki, viti vilivyopindapinda, na mlangoni sufuria kubwa la shaba ambamo nyama ya nguruwe ilijikaanga kwa mafuta yake yenyewe tangu alfajiri. Bango hakuwa nalo. Jumamosi saa nane mchana, karakana za viatu zilipofungwa, sisi mafundi tulitoka na gundi vidoleni tukafuata harufu hadi kwake. Viti vilipojaa, watu walikula wamesimama nje, wameinama mbele ili mafuta yasiwadondokee shatini.

Mimi nilikwenda na mama yangu, Doña Eduwiges. Alikuwa mjane wa miaka sabini na sita, mfupi, mkali wa ulimi, na meza ya pembeni aliihesabu kuwa yake. Alikula taco tatu za ulimi wa ng'ombe, kila Jumamosi tatu, na kati ya moja na nyingine alimchokoza mwenye mgahawa.

"Kaka, hiyo nyama unaiuza au unaimaliza mwenyewe? Tazama tumbo!"

"Dada, mpishi mwembamba usile kwake. Anajua anachokipika."

Uhodari wa Don Hilarión wote ulikuwa puani. Hakupima kitu kwa kijiko wala kwa saa. Pilipili kavu alizichoma juu ya bamba la chuma huku kazipa mgongo, anapiga soga na wateja, kisha katikati ya neno anageuka na kuziepua. Zikikaa kidogo zaidi huwa chungu. Zikitoka mapema huwa hazina maana. Mkewe, Amparo, alizipokea na kuzisaga kwenye jiwe pamoja na kitunguu saumu na siki. Mchuzi ule ulikuwa ukikutoa machozi, na bado unaomba uongezewe.

Kisha ukaja ule ugonjwa wa mapafu. Uliwalaza wote wawili katika wiki moja. Amparo hakurudi. Don Hilarión alirudi baada ya siku arobaini, suruali kaifunga kwa kamba, na pua yake imekufa. Hakusikia sabuni, hakusikia kahawa, hakusikia hata ule uvundo wa ngozi mbichi ambao mtaa wetu unalala nao na kuamka nao. Ladha nayo iliondoka. Alisema kila anachotia mdomoni ni kama karatasi iliyoloa.

"Daktari kasema itarudi," aliniambia siku nilipokwenda kumsaidia kufagia mgahawa. "Usimtangazie mtu, Nicanor mwanangu. Mpishi asiye na pua ni kama kinyozi kipofu. Nani atampa shingo yake?"

Nilimwambia mama peke yake.

Jumamosi aliyofungua tena tulijaa tele. Watu walimkumbatia, wakampa pole ya Amparo, wakakaa. Nilikuwa na mama na Melquiades, mkata ngozi mwenzangu, mtu wa mdomo usio na mlango. Sahani zikaja. Nilipotia mchuzi na kuuma tu nikajua. Pilipili zilikuwa zimeungua. Uchungu ulikaa nyuma ya ulimi kama dawa ya malaria, na nyama yenyewe ilikuwa na chumvi mara mbili, bila shaka alitia akasahau akatia tena, maana ulimi haukuwa na la kumwambia.

Melquiades alitoa macho. "Jamani, huyu mzee ametu..."

Hakumaliza. Mama alimpiga teke chini ya meza, na kiatu chake kilikuwa cha kisigino.

Don Hilarión alikuwa amekwisha simama mbele yetu, anajifuta mikono kwa aproni, macho yake yakimtazama mama. "Sema kweli, dada. Mchuzi nimeusaga mwenyewe. Unafanana na wa Amparo?"

Mama alitafuna taratibu, akameza. "Kaka, ni ule ule."

Akanigeukia mimi. "Na wewe, mwanangu?"

"Ule ule, baba," nikasema.

Mzee yule alifunika uso kwa aproni akalia pale pale, mbele ya watu. Alipoifunua alikuwa anacheka. "Basi pua imekufa," akatunong'oneza, "lakini mkono unakumbuka."

Nani, baada ya hapo, angerudisha maneno yake? Njiani Melquiades alitulaumu. Alisema tumempa mzee sumu kwenye kijiko cha asali. Mama akamjibu, "Kazika mke juzi. Unataka tumzikie na mgahawa? Mpe muda." Nami niliona mama ana haki. Tulidhani ni wiki mbili tatu, pua itarudi, na uongo wetu utajifia wenyewe bila mtu kuumia.

Pua haikurudi. Ikapita miezi, ukatimia mwaka, ukaanza wa pili. Kila Jumamosi aliuliza na kila Jumamosi tulijibu. Siku nyingine nyama ilikuwa mbichi ndani, siku nyingine siki imemwagwa kama maji ya kuogea. Nilijifunza kukamua ndimu mbili tatu juu ya kila taco na kurundika vitunguu na giligilani mpaka nyama isionekane. Watu wakaanza kuhamia kwa wale ndugu wawili waliofungua mgahawa mpya kona ya pili. Melquiades alihama mapema. Don Hilarión alisema maisha yamekuwa magumu, watu hawana fedha za kula nje. Tuliitikia hilo pia.

Zaidi ya mara moja nilitoka nyumbani nimeazimia kumwambia. Ningefika, angenivutia kiti, angeuliza habari za viatu, na maneno yangerudi tumboni. Nisijisingizie wema mtupu. Kuna woga unaojivika nguo za huruma, na wangu ulizivaa zikaukaa vizuri sana.

Ilikuwa Juni, katika lile joto kabla mvua hazijaanza. Ijumaa umeme ulikatika mtaa mzima tangu asubuhi hadi jioni. Jumamosi niliufunga mzigo wa mwisho wa viatu, nikachelewa kidogo, na nilipofika mgahawani mama alikuwa amekwisha kaa mezani pake. Wateja wengine hawakuwapo. Don Hilarión alikuwa ana furaha, anaimba kidogo kidogo, maana alikuwa amempikia mama ulimi.

Harufu ilinipokea mlangoni. Haikuwa kali sana. Ilikuwa tamu, ile tamu mbaya, kama maji ya chombo cha maua yaliyosahaulika. Nina pua ya fundi iliyoliwa na gundi miaka ishirini, na bado niliisikia. Nikaketi, nikainamia sahani ya mama, nikajua ndipo inapotoka.

"Mama, usile hiyo," nikamnong'oneza. "Imeharibika."

"Najua."

"Acha basi!"

"Nimeshakula mbili," mama akasema bila kuinua kichwa. "Nyamaza, anatuangalia."

Kweli alikuwa anatuangalia. Alisimama nyuma ya bamba lake, kisu mkononi, akisubiri. Mama akaichukua ya tatu. Ningeweza kuupiga mkono wake. Ningeweza kusimama nikasema, baba, nyama yako imeoza. Ni maneno manne tu; nimeyahesabu mara nyingi tangu siku ile. Badala yake nilikamua ndimu.

"Vipi leo, dada?"

"Leo umejipita, kaka."

Akaniletea na mimi yangu, nikala moja, nyingine nikaificha ndani ya karatasi ya kujifutia na kuitia mfukoni.

Usiku nilitapika mpaka nikaona nyota, nami nina kifua cha farasi. Mama alianza alfajiri. Jumapili alikataa daktari, akasema tumbo linajisafisha lenyewe. Jumatatu hakuweza kusimama. Hospitali walimtundikia maji, wakapima, wakasema figo zimechoka, na figo za mtu wa umri ule hazibembelezeki. Don Hilarión alikuja kila asubuhi na maua, akakaa upande wa miguu, akaniuliza amekula nini huyu, nami nikamwambia labda ni maji. Mama alimsikia akiuliza. Jumatano alinivuta sikio kwa vidole vilivyopoa akaniambia, "Usije ukamwambia."

Alikufa Alhamisi, saa nne asubuhi.

Tulimweka sebuleni, kama ilivyo desturi, mishumaa minne na viti vya kuazima. Majirani walijaa. Melquiades alipanga viti na kumimina kahawa, safari hii kimya. Alasiri mlango ukafunguka akaingia Don Hilarión, kanyoa, kavaa koti la harusi yake, amebeba sufuria kwa mikono miwili. Alikuwa amepika nyama kwa ajili ya wafiwa. Aliiweka mezani, akafunua kifuniko, akapanga vichapati vya mahindi ndani ya kitambaa vibaki na moto, akarudi nyuma hatua moja kama mtu aliyetandika kitanda cha mgeni.

Hakuna aliyesogea.

Nyama ile haikuwa na kasoro, nadhani. Lakini mtaa mzima ulikuwa umekwisha jua Doña Eduwiges kala wapi chakula chake cha mwisho. Bibi mmoja alimvuta mjukuu wake aliyenyoosha mkono. Mwingine alisema ameshiba. Mwingine alisema amefunga. Don Hilarión aliwatazama mmoja mmoja, na tabasamu lake likabaki usoni kwa muda mrefu baada ya yeye mwenyewe kuondoka ndani yake.

Akanishika mkono akanitoa uani.

"Kwa nini hawali?"

Niliinama kuokota kibanio cha nguo.

"Nicanor. Kwa nini hawali?"

Nikamwambia. Nilimwambia ya ulimi wa Jumamosi, na nilipoanza sikuweza kusimama hapo, nikamwambia na ya pilipili, na ya chumvi, na ya wateja waliohamia kona ya pili.

"Tangu lini?" akauliza.

"Tangu ulipofungua tena."

"Miaka miwili." Alikuwa ameshika kamba ya kuanikia nguo. "Miaka miwili nakuja mezani kwenu nauliza kama mjinga. Mlikuwa mnanicheka?"

"Hatukucheka hata siku moja, baba. Tulikupenda."

"Na mama yako alijua? Jumamosi ile, alijua?"

Hapo ningeweza kudanganya, na pengine hapo tu, katika miaka ile miwili, ndipo uongo ungekuwa na faida. Mama aliniagiza. Lakini nilikuwa nimechoka.

"Alijua. Alikuona unamtazama, akala."

Don Hilarión hakupiga kelele. Alirudi ndani, akafunika sufuria yake, akaibeba. Mbele ya jeneza alisimama, midomo ikicheza, sikusikia alichomwambia. Kisha akatoka, na watu wakampisha njia pana kupita kiasi.

Mgahawa haukufunguliwa tena. Bamba la chuma na sufuria la shaba viliuzwa kwa mtu wa chuma chakavu, na kabla mvua hazijaisha Don Hilarión alihamia mji wa Silao, kwa mpwa wake wa kike. Nilimwandikia barua mbili. Hazikujibiwa. Mwezi wa Februari nikapanda basi nikaenda.

Alinipokea vizuri, na hilo ndilo lililonitisha. Alinivutia kiti, akaniuliza kama viatu vinatoka, akaulizia bei ya ngozi, akasema mpwa wake anafuga kuku na kuku wana akili kuliko watu wanavyodhani. Nilipoanza kuomba radhi aliinua kiganja, si kwa ukali. Kuku walipita kati ya miguu yetu. Halafu, bila kunitazama, akasema:

"Nina swali moja tu. Siku ile wewe ndiye uliyeniletea habari kitandani, kwamba Amparo amekwenda. Ulisema alilala, hakuamka, hakuhangaika. Ni kweli?"

Ilikuwa kweli. Nilikuwapo hospitalini, nje ya kioo cha wodi yake. Alilala saa tisa alasiri, mkono chini ya shavu, na muuguzi alipokuja kumgeuza alikuwa amekwisha kwenda.

"Ni kweli, baba. Naapa kwa kaburi la mama yangu. Hakuhangaika hata kidogo."

Niliona anavyojitahidi, alitaka kuliamini kuliko kitu chochote duniani. Alichunguza uso wangu kama mtu anayegeuzageuza noti chini ya taa.

"Sawa, mwanangu," akasema mwishowe, kwa upole.

Sauti ile niliijua. Ndiyo niliyomjibia mimi kila Jumamosi.

Alinisindikiza mpaka kwenye geti. Akaniomba nisirudi. Alisema si hasira, hasira zimemwisha, ila akiniona hapati usingizi. Analala akipekua mambo yote niliyowahi kumwambia tangu nilipoanza kusema. Nikamwahidi. Aliishi miaka mitatu zaidi, na ahadi ile niliitimiza. Mpwa wake alinipigia simu siku ya nne baada ya maziko, akaniambia mzee hakuumwa muda mrefu, aliondoka kwa amani. Nilimshukuru. Nilipokata simu nilikaa kitandani mpaka giza likaingia, nikijiuliza kama ni kweli.